Walioishi Kando ya Mfereji

...na sasa anataka tunyooshe mikono, huyu bwana wa kampuni, eti wanaokubali jengo letu livunjwe lijengwe jipya, na Kemunto ananinong'oneza, "Mama Kirezi, anasema kila mtu atarudi," sentensi ndefu vile kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili kipande kidogo hivi, mengine umeyameza wapi, Kemunto, nilikuona mlangoni unakunywa naye kahawa, mnacheka, wewe ni nesi, una gari, hukosi pa kwenda, mimi watanitupa Blaine, huko nje ya mji, ambako bila gari hata kanisani hufiki... kule kwetu Kivu pia walikuja na ramani, wakasema mlima ni wetu sote, kabla mvua haijarudi tukawa barabarani na magodoro kichwani... picha zinapita ukutani, mfereji uliozungusha vinu vya ngano hapa Minneapolis, mfereji umefukiwa kwa changarawe, mfereji umefukuliwa ili wageni waje kuutazama, mawe yana bahati, yanarudishiwa heshima, halafu wanawake wenye vitambaa kichwani, ukingoni mwa Mississippi, kuni walizookota majini ziko miguuni pao, mmoja amempakata mtoto, nao walitoka mbali, uso ule naujua, ni wa mtu aliyefika akachoka, na picha imeondolewa upesi, mbona upesi... "Wale walienda wapi?" kumbe nimesema kwa sauti, Kemunto anamuuliza, bwana anatabasamu, anajibu, na Kemunto hatafsiri, haya, nilijua... "Anasema walihama," ananiambia polepole, "lakini nimesoma habari zao. Walifukuzwa, Mama Kirezi. Na hilo la kurudi, pale mlangoni nilimwomba aliweke kwa maandishi, akacheka tu," akacheka yeye, nami niliona wanacheka wawili, wasiwasi wangu ndio ulimwongezea Kemunto kicheko, namtazama mikono, imeubana mkoba mapajani, haijanyanyuka, na mbele yetu mzee Birindwa kanyoosha wake, hakuna aliyemtafsiria, kaona wenzake wamenyoosha basi naye, bwana bado anatabasamu, bado anangoja, muda wote huu nimemchunga jirani yangu kama mwizi, na mwenye nyundo amesimama mbele anatuita marafiki... nainama, namgusa mzee begani, "Baba, shusha kwanza, wanataka kutuhamisha."