Samaki wa Bikizee

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, gari la zahanati lilikohoa mara tatu kwenye kona ya pili ya mlima, likatetemeka, likazima. Dereva hakulaani. Aliteremka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua boneti, akaiangalia injini kama mtu anavyomwangalia baba mkwe aliyenuna.

"Limezima au linapumzika?" Mkunga aliuliza kutoka nyuma, alikokuwa amemshika mkono mama mjamzito.

"Linafikiri."

"Basi lifikiri upesi. Huku nyuma mwenzako ameshaamua."

Dakika ishirini baadaye alizaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Alikuwa wa tatu kuzaliwa kwenye kona ile tangu gari lipate ugonjwa wake. Walipokwisha kumfunga kitovu, injini iliwaka kwa stata ya kwanza, kana kwamba haikuwa na neno na mtu.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la kabureta, na wanawake wa mtaa waliliita Bikizee. Dereva alikuwa ameliendesha miaka ishirini na miwili. Zahanati ilikuwa juu, watu walikaa chini, na kabla ya Bikizee wajawazito walipandishwa wakiwa wamelazwa juu ya mlango uliong'olewa, wanaume wanne wakibeba. Sasa barua ilikuwa imekuja: Ijumaa angefika Mkaguzi kutoka ofisi kuu. Gari likishindwa kupanda mlima bila kusimama, lingekatwakatwa liuzwe kama chuma chakavu. Jingine la kuziba pengo halikuwepo. Ule mlango bado ulikuwa umeegemezwa nyuma ya stoo ya zahanati, na wiki ile Dereva alimkuta mtu akiupangusa vumbi.

Mchana wa Jumanne hiyohiyo alimpeleka Bikizee kwa shemeji yake.

Huyo alikuwa dada mkubwa wa mkewe, na mji mzima ulimwita Fundi Sindano, kwa sababu aliweza kusimama ng'ambo ya barabara akasikia sindano ya kabureta ikifunga njia ya mafuta, na akajua kama imefunga kweli au imedanganya. Gereji yake ilikuwa na paa la bati, benchi moja, na ukuta ambao juu yake kila spana ilikuwa imechorewa umbo lake, ili isiyorudishwa ionekane kama jino lililong'oka.

"Karibu, shemeji. Umekuja kwa injini au kwa kusukumwa?"

"Nimekuja kwa mteremko."

"Afadhali. Mteremko hauna spea."

Mafundi wengine wakiambiwa gari halipati mafuta huikimbilia kabureta na bisibisi, wakaifumua kama wanachambua kuku. Fundi Sindano hakuigusa. Alianzia nyuma, kwenye tangi, akatembea na petroli hatua kwa hatua, kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni ili ajue ni wapi huwa anapotelea.

Kwenye mdomo wa tangi alikuta kigingi cha mbao kilichoviringishwa mpira wa baiskeli.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Kilipotea mwaka juzi. Hicho nimechonga mwenyewe. Wezi wa mafuta hawakiwezi."

"Hata hewa haikiwezi," alisema Fundi Sindano, akakishika kwa mikono miwili, akakichomoa.

Tangi likavuta pumzi. Lilivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, likaendelea kuvuta mpaka shuka mbili zilizoanikwa kwa jirani zikageukia upande wake na kofia ya Dereva ikamtoka kichwani. Fundi aliidaka kabla haijaingia tangini, akamrudishia.

"Ulikuwa unalinyonga, shemeji. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie pahali pake. Umefunga kwa mapenzi, sikatai. Lakini umefunga."

Hakuongeza neno, na Dereva alimheshimu kwa hilo. Angekuwa mkewe, kigingi kile kingezungumzwa mpaka sikukuu. Fundi alikitoboa tundu dogo kwa keekee, akakirudisha. Kisha akafuata bomba chini ya gari, akilipapasa kwa vidole, asione mkunjo wala jasho la mafuta. Akafika mbele. Akachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, akautumbukiza kwenye chupa, akaamuru stata ipigwe. Petroli iliruka ndani ya chupa kwa mapigo. Alifumba macho akasikiliza.

"Pampu ina moyo," alisema. "Ila kila pigo la saba ni maji."

Alichuchumaa. Chini ya pampu za magari ya zamani huning'inia kikombe cha kioo, ambamo uchafu na maji hutuama kabla mafuta hayajaendelea na safari. Alikipangusa kwa kitambaa. Juu kulikuwa na petroli, rangi ya chai hafifu. Chini yake maji, vidole viwili. Na ndani ya maji mlikuwa na samaki.

Alikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti, rangi ya fedha, ametulia mahali pamoja akipunga mapezi.

"Ana muda gani huyu?"

"Sikujua kama yupo."

"Ana miezi kumi na minne, au kumi na tano kasoro siku. Tazama mkia."

Miezi kumi na minne ndio muda ambao mabomba ya mtaa yalikuwa makavu. Fundi Sindano alikilegeza kikombe, akachovya kidole, akapishwa na samaki, akaonja. Maji hayakuwa na harufu ya petroli hata chembe. Samaki yule alikuwa msafi.

"Maji yetu haya," alisema. "Yana kutu ileile ya bomba la shuleni."

Dereva naye akaonja. Yalikuwa yenyewe, yale aliyonawia uso tangu utotoni.

Hapakuwa na la kubishania. Kituo cha mafuta kilikuwa kimoja tu, na mwenye kituo alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya maji. Bomba kuu la mtaa lilipita chini ya kituo chake na halikutokea upande wa pili. Wiki iliyotangulia Fundi alikuwa ametoa chura kwenye gari la mwalimu mkuu, na kwenye lori la muuza mbao alikuta magugu, akayakata kwa mkasi.

"Nimtoe?" Dereva aliuliza.

"Umtoe, halafu nani afanye kazi yake? Njoo uone."

Waliinua mbele ya Bikizee kwa jeki mpaka akakaa kama yuko mlimani, wakawasha injini. Maji ndani ya kikombe yalipanda yakaelekea kwenye tundu la kutokea. Samaki alizunguka mara mbili, kama mfugaji anayezuia mbuzi wasiingie shambani, akayarudisha chini yote. Injini haikubadilisha sauti.

"Sasa kanyaga mafuta."

Dereva alikanyaga. Pampu ilivuta kwa nguvu, samaki akayumba, maji yakamponyoka, injini ikakohoa mara tatu. Kilikuwa kikohozi cha kona ya pili, hakikupungua wala kuzidi.

"Ukikanyaga unamvuta mkia," alisema Fundi Sindano. "Na wewe likikohoa ndiyo kwanza unakanyaga."

"Kila dereva anakanyaga, shemeji."

"Na kila dereva anazimikiwa. Likikohoa, achia. Mpe nafasi apange maji yake. Na mpigie mluzi."

"Mluzi unasaidia?"

"Haudhuru. Wanaupenda."

Alirudisha kikombe mahali pake: akakaza mzunguko mmoja, nusu, robo, akasimama hapohapo panapotakiwa, bila kutazama. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miaka thelathini. Dereva aliitazama na kuwaza kwamba ofisi kuu ingekuwa na mtu mmoja tu wa namna hii, anayelifuata jambo kuanzia tangini, mji huu ungekuwa na maji kufikia Alhamisi.

Ijumaa Mkaguzi alikuja na faili lake, akakaa mbele. Nyuma alikaa Mkunga na mama mjamzito ambaye uchungu wake haukusubiri ratiba ya ofisi. Kona ya kwanza ilipita. Kwenye kona ya pili Bikizee alikohoa.

Mkaguzi alifungua kifuniko cha kalamu.

Mguu wa Dereva ulitaka kukanyaga. Ulikuwa mguu wenye mazoea ya miaka ishirini na miwili na haukupenda kufundishwa. Aliuinua kwa nguvu, kama anaung'oa kwenye tope. Gari lilipunguza mwendo mpaka mbuzi mmoja akalipita. Alipiga mluzi wa kuitia kuku. Hakuwa na mwingine. Bikizee alikohoa tena.

"Dereva," alisema Mkunga, taratibu sana, "ule mlango ni mgumu mgongoni. Nimewauliza waliobebwa."

"Anapanga maji," alisema Dereva, akaendelea na mluzi.

Kikohozi cha tatu kilianza kikakatikia njiani. Injini ikashika sauti yake ya kawaida, nzito, ya mtu anayesoma gazeti, na Bikizee akapanda kona ya pili, ya tatu, ya nne, akaingia uani mwa zahanati. Mtoto alizaliwa kitandani, na Mkunga akaandika kwenye daftari la uzazi kwa herufi kubwa: KITANDANI.

Mkaguzi aliomba kufunguliwa boneti. Aliinama, akamwona samaki.

"Maji haya yametoka wapi?"

Dereva alimweleza yote, kuanzia bomba kuu mpaka kikombe. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwenye adabu. Kisha akaigeuza fomu huku na huku. Ilikuwa na nafasi ya breki, taa, tairi na honi.

"Sina pa kuyaandika," alisema.

"Na sisi hatuna pa kuyachota," alisema Mkunga.

Mkaguzi aliandika: Gari zima. Abiria wa ziada, mmoja. Liendelee na kazi. Alipoteremka mjini alijaza tangi la gari lake mwenyewe kwenye kituo cha Mwenyekiti, maana hapakuwa na kingine.

Tangu hapo, kila siku saa kumi alasiri, watu hupita gerejini na majagi. Fundi Sindano hufungua vikombe vya magari ya siku hiyo, hukinga maji, humwachia kila kiumbe vidole viwili vya kuishi, na kila nyumba hupata kidogo kutoka kwenye maji yake yenyewe. Samaki wa Bikizee amefikia urefu wa kidole cha shahada, na kikombe chake kimebadilishwa kuwa chupa ya jamu. Dereva humpigia mluzi hata kwenye tambarare.

Mwezi uliopita Mwenyekiti mwenyewe alileta gari lake. Lilikuwa linakohoa. Fundi Sindano alianzia nyuma, kwenye tangi, kama kawaida yake, akaja mbele hatua kwa hatua. Kikombe cha Mwenyekiti kilikuwa kikavu, kinang'aa, petroli tupu. Tatizo lilikuwa chembe moja ya mchanga kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta. Aliipuliza, injini ikatulia.

"Kweli wewe ni fundi," alisema Mwenyekiti, akajifuta jasho. "Dada yangu, hamna maji ya kunywa hapa?"

Dereva, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, alimtazama shemeji yake. Fundi Sindano alichukua kikombe safi, akamimina kutoka kwenye jagi, akampa kwa mikono miwili.

Mwenyekiti alikunywa yote bila kupumzika.

"Maji matamu. Mnayatoa wapi?"

"Kwako, Mwenyekiti."

"Ahaa," alisema Mwenyekiti, akanyoosha kikombe aongezwe.