Mota Iliyoitwa Shemeji

Tega sikio, hiki ni kitendawili chenye miguu ya chuma: nyumbani yumo mlaji asiye na kazi, na asipokuwepo hakuna kazi inayofanyika. Jibu analo mkereza vyuma mmoja, tena amelifunga kwa boliti sakafuni.

Mkereza huyu alileta mashine ya kukereza, kubwa kama jeneza la tembo, akaisukumia chumba cha uani. Ndipo akagundua kuwa mashine inataka umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, na nyumba yake ina fezi moja. Miezi minne dude likakaa kimya, likaanikiwa mashuka. Mkewe akachoka.

"Baba watoto, mama anafika leo alasiri kukaa nasi. Hilo lisipozunguka kabla hajaingia, linatoka, chumba kinakuwa chake. Nimemaliza."

Mbio mbio mkereza akamwita fundi umeme, naye akaja na mota kuukuu ya fezi tatu, akaiunganisha pembeni ya mashine.

"Hii haikati chuma wala haisukumi kitu," akaeleza. "Unaipa fezi yako moja, inazunguka bure, na huko kuzunguka kwake ndiko kunakoipa mashine zile fezi inazokosa. Ila haianzi yenyewe. Uizungushe kwa kamba kwanza, halafu ndiyo uwashe."

"Yaani inakula umeme, inakoroma, haifanyi kitu?"

"Hasa."

"Basi huyu ni Shemeji!" Maana kaka wa mkewe alikuja kusalimia kwa siku mbili, na huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Wakacheka mpaka machozi, wakaingia kazini.

"Mfunge Shemeji kamba!"

"Kiunoni au shingoni?"

"Kiunoni! Mvute kwa nguvu, akianza kuzunguka tu, mpe umeme!"

Jikoni, sufuria ilianguka. Mke akaingia ameinua mwiko. "Ndugu yangu kakukosea nini, we mwanamume?" Nyuma yake akasimama shemeji mwenyewe, kiatu mguu mmoja, ameamka kabla ya alasiri kwa mara ya kwanza tangu afike. Wote wakaitazama mota. Fundi umeme akaanza kuhesabu mabati ya paa.

"Kwa hiyo mimi ndiye hilo?" shemeji akauliza.

Mkereza akaipangusa mota vumbi. "Shemeji, ni heshima hiyo. Bila huyu wa chuma hapa hakuna kazi."

"Hakuna kabisa?"

"Hata ya dawa."

Shemeji akafikiri, kifua kikaanza kupanda. "Leteni kamba. Mwenzangu hamgusi mtu mwingine."

Akavuta. Mkereza akawasha. Mota ikanguruma, mashine ikaamka, lakini kinyumenyume, ikalivuta shuka la mwisho ikalimeza nusu. Wakazima. Kumbe kamba ilizungushwa upande usio wake. Shemeji akaigeuza, akatema mate viganjani, akavuta tena. Safari hii mashine ikazunguka sawasawa, chuma kikachongeka, utepe unaong'aa ukajikunja mpaka sakafuni.

"Hodi!" Mama mkwe huyo mlangoni, na furushi lake.

Mke akaitazama mashine, akamtazama mumewe, akashusha mwiko. Neno ni neno. Mama akapewa chumba cha shemeji, na godoro la shemeji likahamia uani, kando ya mota.

Mama mkwe akasikiliza ule mngurumo. "Mkwe wangu, nani huyo anakoroma mchana kweupe?"

Mkereza akajifanya anakaza boliti.

"Ni mimi, mama," akaitika mwanawe kutoka uani. "Niko kazini."