Lindo la Bawani

Mume wangu Ngosha haogopi mtu. Naanza na hilo kwa sababu mkisikia habari ya ile ndege mtamcheka, na ruhusa ya kumcheka ninayo mimi peke yangu niliyefunga naye ndoa. Kule Igoma, Mwanza, alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa. Akipuliza filimbi yake na kupiga mwano, ule ukelele wa kuita watu, hakuna anayebaki ndani. Hata kama unaoga, toka na sabuni yako. Ndiyo sheria, na mtaa mzima uliifuata.

Sasa mwaka ule wa El-Nino, binti yetu wa pekee, Sabina, alipata mchumba Dar es Salaam. Alimwomba baba yake kitu kimoja tu: amshike mkono, ampeleke mpaka altareni. Ngosha akaapa mbele ya ukoo. Halafu mvua ikaja, ikasomba reli, ikakata barabara, malori yakalala Shinyanga na mizigo yake. Ikabaki ndege, tena ya asubuhi ya siku ileile ya harusi. Tukapata tikiti, nikashona gauni.

Mambo yangeishia hapo kama si Muhidin na televisheni yake. Huyu ni jirani yetu, fundi baiskeli, na serikali iliporuhusu biashara huria alikuwa wa kwanza mtaani kununua hilo sanduku. Jioni moja tumebanana sebuleni kwake, taarifa ya habari imekwisha, ukaanza mchezo wa kutisha. Mtu yumo ndani ya ndege, huko juu mawinguni, akasikia ngo, ngo, ngo dirishani. Kuna dudu lina ngozi ya kenge, limekaa juu ya bawa, linabisha hodi! Yule mtu akanyoosha mkono afungue pazia. Na umeme ukakatika hapohapo.

Tukapiga kelele weee! Umeme haukurudi hadi kesho yake. Mpaka leo hakuna mtu Igoma anayejua yule bwana alifikia wapi.

Ngosha akarudi nyumbani. Kulipokucha akaniambia hapandi ndege.

"Ule ni mchezo, baba Sabina," nikamwambia.

"Mchezo? Sanduku ni lilelile lililosoma habari. Saa mbili liseme kweli, saa tatu liseme uongo?"

Nikakasirika zaidi. Nilimwita majina ambayo sitayarudia. Nikamuuliza, Sabina atashikwa mkono na nani, na jirani? Hapo akainamisha kichwa, mtu mzima, machozi yanamlengalenga. Nilimwonea huruma, ila sikumwonyesha.

Jioni akaja kwangu uso umekunjuka. "Nimeliona kosa la wale watu wa kwenye televisheni," akasema. "Hawakuweka lindo."

Nikasema sawa. Ningesema sawa hata kama angetaka kupanda na fisi, mradi apande.

Uwanjani askari walimnyang'anya upinde na mishale. Filimbi wakamwachia. Kumbe ndiyo ilikuwa silaha yenyewe. Hata kabla ndege haijaondoka, Ngosha alikuwa anapita kiti kwa kiti, anaamkia wazee, anagawa zamu: hawa bawa la kushoto, wale bawa la kulia. Mimi nimejifunika kanga usoni kwa aibu. Lakini watu wakakubali! Karibu wote walikuwa wa kwetu Usukumani, na wengi walikuwa wameuona mchezo uleule mpaka umeme ukakatika. Mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, Malimi, akasema afadhali kuna mtu mwenye akili humu ndani.

Mhudumu wa ndege, binti mmoja anaitwa Bushra, akamfuata. "Baba, naomba ukae, ufunge mkanda."

"Mkanda unanizuia mimi, mwanangu. Hilo dudu linazuiwa na nini?"

Akakaa, lakini macho bawani. Tukapaa. Ziwa likabaki chini, mawe ya Mwanza yakawa kokoto, nikaanza kupumua. Ndipo Ngosha akanishika mkono kwa nguvu hadi pete ikaniumiza.

"Lipo," akasema.

Akapuliza filimbi, akapiga mwano. Mungu wangu! Watu wa ndege nzima wakasimama. Na sheria mnaijua, hakuna kubaki ndani, sasa hawa watatokea wapi? Wakatokea upande wetu. Wote! Hata bwana mmoja wa suti aliyekuwa anakoroma aliruka akidai rungu. Ndege ikainama kama ngalawa iliyopakiwa upande mmoja, soda zikabiringika, Bushra akalia kwa sauti. Rubani akatangaza kwenye spika kwamba kwa vurugu hizi tunarudi Mwanza.

Nikamtazama Ngosha. Uso umemvunjika.

"Sabina," akasema.

"Basi waambie wakae! Waambie hakuna kitu!"

"Kipo, mama Sabina. Nimekiona. Na mwano haufutwi mpaka mwizi ahukumiwe."

Jamani, nilitaka kumzaba kibao. Lakini naishi na mtu huyu, namjua. Uongo hauwezi, hata wa kujiokoa. Basi kama ni sheria, tufuate sheria. Nikapanda juu ya kiti, gauni la harusi na yote.

"Mwizi mmemwona?" nikauliza.

"Tumemwona!" Waongo wakubwa, nusu yao walikuwa wanatazama visogo vya wenzao.

"Mzee Malimi, mhalifu asiyefikika anafanywaje?"

Mzee akakohoa, akasimama wima. "Anatengwa. Hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi. Hata kumtazama ni marufuku."

"Basi mtengeni!"

Vifuniko vya madirisha vikashuka, pa, pa, pa, kila upande. Watu wakarudi vitini, wakafunga mikanda, wakanuna, kila mmoja ameligeuzia dirisha mgongo. Kukawa kimya kama kanisani Ijumaa Kuu. Bushra akakimbilia kwa rubani. Akarudi anafuta machozi, akasema tunaendelea na safari.

Ngosha akasinzia begani kwangu. Mimi nikainua kifuniko kidogo tu, upana wa kidole. Haki ya Mungu, lilikuwepo. Limekaa huko mwisho wa bawa, limejikunyata, limeshika tama. Karibu nilisalimie. Nikakumbuka anayemsalimu aliyetengwa naye anatengwa, nikashusha kifuniko.

Tulifika kanisani jasho linatutiririka, padre ameshasimama. Na nyuma yetu nusu ya abiria, mzee Malimi mbele, kwa sababu kamanda alikuwa hajavunja lindo, na bila ruhusa yake haondoki mtu. Ngosha akamshika Sabina mkono, akatembea naye taratibu, filimbi shingoni juu ya tai. Nililia, sifichi.

Shida ikaja pale mbele. Bwana harusi akanyoosha mkono apokee, Ngosha haachii. Padre akakohoa. Sabina akanong'ona, "Baba." Haachii. Anatazama madirisha ya kanisa, moja baada ya jingine.

Nikasogea. "Kamanda," nikamwambia polepole, "zamu yako imekwisha. Kabidhi lindo."

Akanitazama. Kisha, kwa mkono wake mwingine, akaivua filimbi, akamvisha mkwe shingoni. Yule kijana ni mtu wa Tanga, sungusungu hajui hata harufu yake. Akadhani ndiyo mila yetu, akaipuliza kwa nguvu zake zote.

Mabenchi yakaanguka. Wajomba, shangazi na mashemeji waliohamia Dar, wale abiria, mzee Malimi na bakora yake, wakaja mbio mpaka mbele ya altare, wanahema, wanauliza kuna nini, nani kaguswa.

Ngosha akawatazama wote, mmoja mmoja; hakuna aliyebaki kitini. Ndipo akauachia mkono wa mwanawe.