Homa ya Siku Mbili

Mwajabu alikuwa na mwandiko mzuri, na huo ndio uliomponza. Mwaka tisini na saba, mvua zilipokataa kukatika na kipindupindu kikaanza kuzunguka mji, Vingunguti pakaundwa Umoja wa Afya: akina mama wa msikitini, jumuiya ya kanisani na wachinjaji wa machinjioni, watu ambao kabla ya hapo walikutana msibani tu. Daftari akakabidhiwa yeye. Kila Jumatatu apite nyumba kwa nyumba aandike nani anaharisha, nani amekufa na kwa maradhi gani. Mwisho wa mwezi daftari lilikwenda kwa Albano, mtathmini wa wafadhili, naye alijumlisha hesabu za mitaa yote. Mtaa ulioandika wagonjwa wengi ndio uliopelekewa dripu na dawa ya kusafishia maji ya kunywa. Usioandika haukupata kitu.

Jumatatu moja alifika kwa shoga yake Zubeda akakuta kilio. Bi Mwanaasha, mama yake Zubeda, ameharisha na kutapika siku mbili, na alfajiri hiyo amekata roho. Mwajabu alishaanza kuandika aliposhikwa mkono na Marijani, mume wa Zubeda.

"Bi Mwajabu, tusitiri. Ukiandika kipindupindu watakuja mabwana afya, wamfunge kwenye nailoni, wamzike wenyewe. Mama mtu mzima yule, aende kwa Mola wake bila kukoshwa?"

 Zubeda alikuwa ameshainjika maji ya kumkoshea mama yake.

Mwajabu aliandika: homa, siku mbili. Nani angeweza kukataa, naye amekula ugali wa marehemu tangu utotoni? Basi Bi Mwanaasha akakoshwa kama inavyopasa. Zubeda mwenyewe alimkamua tumbo kwa viganja vyake, na maji yakashukia kwenye ufuo, kishimo kilichochimbwa uani kuyapokea, hatua nane kutoka kisimani. Usiku mvua ikanyesha, ufuo ukafurika.

Mji hauna siri. Kila aliyefiwa akajua kwamba Mwajabu anasitiri, na mwezi ulipokwisha daftari lilikuwa na homa tano. Huruma ni jambo jema, hakuna anayebisha, lakini daftari la maradhi si mahali pake.

Kwenye kikao Albano alibandika karatasi ukutani, na mstari wa mtaa wao ulikuwa umelala chini kabisa.

"Hongereni sana," alisema. "Mtaa huu hauna mgonjwa wa kipindupindu hata mmoja. Umoja wenu ni mfano kwa wengine. Dripu zilizoko zahanati yenu tunawahamishia wenzenu wa bondeni, ambako hali ni mbaya."

Watu wakapiga makofi. Mwajabu alifumbua kinywa. Akawaona wafiwa watano wamekaa mstari wa mbele, Marijani katikati yao, wote wameinamia jamvi. Akakifumba. Aliwaonea haya, na tuseme kweli, sifa nazo zilimwingia.

Jumatano Zubeda alianza kuharisha. Kufika adhuhuri macho yamedidimia, ngozi ukiifinya hairudi. Walimbeba kwa mkeka hadi zahanati. Nesi Flaviana alifungua kabati, akaonyesha rafu tupu.

"Zimechukuliwa jana," alisema. "Wameniambia huku hakuna mgonjwa."

Akakoroga maji ya sukari na chumvi. Kila kijiko walichompa, Zubeda alikitapika. Alikufa kabla ya alasiri, mkono wake ndani ya mkono wa Mwajabu.

"Andika kama ulivyomwandikia mama," Marijani alisema. "Wanangu wamkoshe mama yao. Nakuomba, dada yangu."

Hakuna mtu ambaye Mwajabu alimpenda mtaani pale kuliko Zubeda. Aliandika kipindupindu. Mwandiko ukawa wa mtoto wa chekechea. Kisha akaenda kwa miguu hadi ofisini kwa Albano, akamsomea zile homa tano moja moja, akimtajia kila moja ilikuwa nini. Albano akanyanyua simu.

Mabwana afya walikuja na mabuti na bomba la kunyunyizia. Wanaume watatu walimshika Marijani wakati nailoni ikifungwa. Waosha wakarudi makwao na ndoo zao.

Siku ya tatu dawa ya maji ikaletwa, pipa zima, na dripu zikarudi. Mwajabu ndiye aliyepewa kijiko cha kupimia. Watu walipanga foleni kimya. Zamu ya Marijani ilipofika aliweka ndoo chini, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Ungeliandika hivi kwa mama," alisema, "leo ningekuwa na mke."

Aliyemshika mkono siku ile alikuwa yeye, na wote wawili walilijua hilo. Mwajabu alichota kijiko kimoja, akakitia ndooni, akakoroga.

"Subiri nusu saa," alimwambia, "ndipo uwape watoto."