Meza ya Kuchambulia Chai

“Mimi nikisimama mbele ya wakulima, hata mbwa huacha kubweka,” Gatwiri alimwambia ng'ombe wa mwenye nyumba wake asubuhi hiyo, akiwa ndani ya koti la kazi lililopigwa pasi mpaka likakasirika. Ng'ombe alimtazama, akacheua. “Haya basi,” akaongeza, sauti ikishuka, “waliacha kwa sababu mkutano ulikuwa umekwisha.”

Na kweli ulikwisha, tena yeye ndiye aliyeumaliza. Mwaka uliopita alikuwa ametoka kwao Nkubu na kuletwa Kibugu kama afisa wa chai, mgeni bado, naye Nyamu, mwenyekiti wa kituo cha kununulia chai, akamwita awasalimie wakulima. Gatwiri akasimama. Akayaona yale macho yote, mengi kama maharagwe kwenye ungo, na kila moja likimtazama yeye. “Tufumbe macho tuombe,” akasema, kwani macho yaliyofumbwa hayatazami mtu. Akaombea mvua, akaombea wagonjwa, watoto wa shule na madereva walio barabarani. Kuingia katika sala ni rahisi. Kutoka ndiko kulikomshinda. Akatapatapa humo mpaka mdomo wenyewe ukaangukia kwenye Neema, ile sala ya kuagana, na watu wote wakaitikia kwa sauti moja. Sasa, katika nchi ile Neema ikishasemwa, shughuli imefungwa. Wanaume walivaa kofia zao, akina mama wakajitwika vikapu, na afisa akabaki akiwasalimia migongo.

Tangu siku hiyo Njiru, mwenzake wa kazi, ndiye aliyekuwa mdomo wake. Gatwiri alipika maneno, Njiru akapakua, na shukrani zikamwendea mpakuaji. Si kwamba Gatwiri alikuwa bubu. Shambani, akiwa na mkulima mmoja, maneno yalimtoka kama maji ya mfereji. Lakini watu wakiwa kundi, ulimi wake, ambao Mungu aliuumba bila mfupa kama ndimi nyingine, uliota uti wa mgongo ukakataa kupinda.

Asubuhi hiyo Njiru alikuwa Embu mjini, mkewe akijifungua. Na mambo hayakuweza kumngoja. Jalidi, ule umande wa kuganda, ilikuwa imeshuka kutoka mlimani, ikaichoma chai ya bondeni hadi ikawa rangi ya kahawa. Nyamu alishapitisha neno: kesho kila mtu apogoe, majani yaliyoungua yaondoke. Tayari mapanga yalikuwa yamenolewa. Gatwiri alijua jua la Januari halina huruma. Shina likikatwa na kuachwa uchi chini yake, hukauka mpaka mzizini. Bonde zima lingebaki kuni, na chai haioti kama sukuma wiki.

Alipofika kituoni, wakulima walikuwa wameizunguka meza ndefu, wakichambua chai iliyosalimika kabla karani hajaleta mizani. Majani laini, mawili na kichipukizi, yalirudi kikapuni. Yaliyokomaa yalitupwa chini.

“Daktari wa chai,” akaita Wamuyu, bikizee aliyekuwa na meno machache na maneno mengi, “leo mdomo wako uko likizo?”

“Njiru hayupo, cucu,” Gatwiri akamjibu bibi yule.

“Sikuuliza Njiru. Niliuliza mdomo.”

Wakacheka. Gatwiri akamsogelea, akainama sikioni mwake, akamweleza habari ya mashina na jua. Wamuyu alisikiliza huku vidole vikikimbia.

“Mbona wanieleza mimi kama mchumba? Mimi nitakufa na mashina yangu. Waeleze wenye miaka mbele yao.”

“Siwezi, cucu. Wataniangalia.”

“Nani akuangalie? Macho yao yako kwenye majani. Karani akikuta gumu moja, kikapu kinarudi nyumbani. Njoo unichambulie hiki. Ongea na meza.”

Gatwiri akatumbukiza mikono kikapuni. Alianza kwa sauti ya mtu anayehesabu dhambi zake. “Kesho msipogoe,” aliiambia meza. Hakuna aliyeinua kichwa. Vidole viliendelea kuchakarika, na katika mchakariko ule maneno yake yalipata mahali pa kujificha, kama kuku kwenye majani ya viazi. Akaendelea. Akasema kwamba shina lililoungua si maiti, ni mgonjwa. Kwamba majani yale mabaya ndiyo mwavuli wake.

“Nani asema hivyo?” Nyamu akauliza kutoka upande wa pili. “Baba yangu alikata kila yalipoungua.”

Neema ilimjia Gatwiri mpaka ncha ya ulimi. Ingetosha kuisema, na wote wangekwenda zao. Aliimeza.

“Mimi nasema, Mzee Nyamu. Baba yako alikata mwezi gani?”

Nyamu akakuna kidevu. “Kulikuwa na ukungu. Julai hivi.”

“Ukungu ulimfunikia. Wewe kesho nani atakufunikia? Ngojeni mvua ya Machi. Yaliyoungua yatadondoka yenyewe, na shina litawaambia lenyewe kama liko hai.”

Hapo ndipo aliposikia kimya. Mchakariko ulikuwa umekoma. Aliinua uso, akakuta macho yote yakimtazama, yale yale ya mwaka uliopita, na wa kuyafumba hakuwepo. Akashika ukingo wa meza. Kisha akaendelea kusema, mpaka habari ikaisha.

Mwanamume mmoja akasema panga lake litakata nyasi za ng'ombe. Mwingine akasema bora kungoja kuliko kulia. Nyamu akazunguka meza, akampa mkono.

“Kumbe wewe ndiwe uliyekuwa ndani ya Njiru! Na umeongea bila woga.”

“Woga?” Gatwiri akaliweka sawa koti lake. “Mimi? Hata chembe, mzee. Hii ni kazi yangu ya kila siku.”

Wamuyu alikuwa ameinama juu ya kikapu chake, kile alichokichambua Gatwiri. Kilikuwa kimejaa majani makuukuu, magumu kama soli ya kiatu, yamepangwa kwa uangalifu wote wa mtaalamu. Na chini, kuzunguka viatu vya Gatwiri, yalilala mawili na kichipukizi, mawili na kichipukizi, chai laini ya asubuhi nzima, imetupwa.

“Hata chembe,” bikizee akarudia polepole, akainua jani moja gumu juu ya meza, pale ambapo kila mtu angeliona.