Kufuli la Brightson

Lori la mchanga liligonga nguzo ya umeme saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mashine ya kutotolesha vifaranga ya Mama Loveness ikanyamaza. Alikuwa uani anapiga mswaki. Alitema povu, akaenda kusoma kipimajoto kupitia kioo cha mlango wa mashine. Thelathini na saba na nusu. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Pugu inayofanya watu wazima wavae masweta ya shule ya watoto wao. Alijua namba ile haitakaa pale.

Mashine ilikuwa na mayai mia tatu na ushee. Mengi yalikuwa machanga, ya siku tano au sita, hayo yangevumilia. Trei ya chini ndiyo iliyomkata maini. Ilibeba mayai thelathini na manane ya Bi Mwanabaraka, siku ya ishirini kati ya ishirini na moja, na jana yake jioni mawili yalishaanza kudonolewa kwa ndani.

Hayakuwa mayai ya hivi hivi. Yalikuwa ya kuku aina ya kuchi wa marehemu Mzee Faraji, mume wa Bi Mwanabaraka, aliyewafuga kwa miaka arobaini na kuwataja kwa ukoo kama watu: huyu mjukuu wa fulani, yule dada yake fulani. Wiki moja baada ya mayai kuingia kwenye mashine, ugonjwa wa kideri ulipita mtaani ukafagia banda zima, jogoo na mitetea. Ukoo wote wa kuchi wa Mzee Faraji sasa ulikuwa kwenye trei moja ya plastiki.

Na ulifika pale kwa sababu ya mdomo wa Mama Loveness mwenyewe. Kampuni ya umeme ilipotaka kujenga kituo cha betri nyuma ya ukuta wake, watu walisema mengi: betri zitalipuka, zitatuua kwa mionzi, wajawazito wahame. Makontena kumi na mawili meupe, kila moja urefu wa basi, yamejaa betri za kumeza umeme mchana na kuutoa jioni watu wanapopika. Mama Loveness, mwenye diploma yake ya ugavi na miaka kumi na tisa ya kushika stoo ya kiwanda cha nguo, alisimama kwenye mkutano wa mtaa akawaambia waache ushamba. "Yakiwekwa hapa, sie ndio wa kwanza kufaidi." Na kweli, tangu Januari umeme haukukatika hata dakika kumi. Mwezi wa nne akauza jenereta lake, lililokuwa limegeuka nyumba ya panya. Bi Mwanabaraka aliposema afadhali awalalishe kuku wake wenyewe wayatamie, alimjibu, "Kuku anatamia kumi, anavunja matatu. Lete kwangu, bibi. Hapa umeme haukatiki."

Saa mbili alikuwa ameshachemsha maji masufuria mawili na kujaza chupa, akazipanga kando ya trei. Alipiga simu za jenereta. La kukodi lilikuwa kwenye harusi Segerea. La kanisani lilikuwa limekufa tangu Pasaka. Kuyapakia mayai yenye vifaranga wanaodonoa kwenye pikipiki, kwa barabara ile, ilikuwa sawa na kuyakaanga.

Bi Mwanabaraka alifika na kanga mbili na kijaluba cha tambuu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya mashine kama aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wajukuu wameamkaje?"

"Wana baridi."

"Basi wafungie mlango."

"Nikifunga bila feni wanakosa hewa. Nikifungua wanapoa, na ile ngozi ya ndani inawakaukia. Nafunga, nafungua, nafunga."

"Mie nilizaa saba sikupata tabu hii," alisema Bi Mwanabaraka.

Saa nne na robo Mama Loveness aliona mafundi wakishusha ngazi. Nguzo mpya ilikuwa imesimama, nyaya zimevutwa. Alirudi ndani kusubiri feni iungurume. Saa nne na nusu. Saa tano. Kipimajoto kikasoma thelathini na mbili. Akavaa kandambili akaenda kugonga geti la kituo.

Aliyefungua ni Talha, mwendeshaji wa zamu, kijana mwenye adabu ambaye alikuwa akinunua mayai kwake kila Jumamosi.

"Shikamoo, mama. Najua."

"Kama unajua, washa."

Talha hakubishana. Alimpa kofia ngumu, akampeleka mpaka kwenye kabati la swichi ya laini ya mtaa. Njiani walipita kwenye kioo kilichoonyesha betri zimejaa kiasi gani: asilimia tisini na sita. Makontena yalikuwa yanaunguruma taratibu.

"Nini kinachounguruma?"

"Viyoyozi, mama. Betri lazima zikae kwenye joto lake, zisipande wala zisishuke."

Mama Loveness alisimama. "Kwa hiyo za chuma zinatunziwa joto lao."

Talha alimtangulia mpaka kwenye kabati.

Kwenye mpini wa swichi palikuwa na kufuli moja jekundu na kadi: USIWASHE. MTU YUKO KAZINI. Chini, kwa kalamu ya wino, jina: Brightson.

"Yalikuwa manne," Talha alisema. "Kila fundi kabla hajapanda anafunga kufuli lake hapa, anaondoka na ufunguo mfukoni. Akishuka anarudi kufungua mwenyewe. Watatu wamefungua. Brightson alipangiwa bondeni peke yake, kukata matawi yaliyolalia waya. Nguzo kama arobaini mpaka mpakani mwa msitu. Hajarudi, simu haipatikani. Wenzake wamekwenda kumtafuta."

"Ufunguo wa akiba?"

"Haupo. Ndiyo maana yake."

"Na kulikata?"

"Mpaka bosi aje na fomu, na fundi awe ameonekana kwa macho. Bosi anatoka Kawe, yuko njiani."

Kutoka Kawe mpaka Pugu, jiji zima katikati. Mama Loveness alirudi nyumbani, akaingia stoo, akatoka na mkasi mkubwa wa kukatia nondo uliobaki tangu walipojenga. Bi Mwanabaraka alimwona akiuviringisha kwenye kanga.

"Unakwenda kupigana?"

"Nakwenda kukata kufuli."

"Bismillahi," alisema bibi.

Talha alimfungulia tena, akauona mpini wa mkasi ukichungulia, akasimama kando.

"Mie siwezi kukushika, mama, wewe ni mzazi wangu. Ila niambie kwanza. Brightson yuko wapi?"

Mama Loveness aliweka midomo ya mkasi kwenye chuma cha kufuli. Kilikuwa chembamba. Kingekatika kama mfupa wa kuku. Na kipindi chote hicho alikuwa anajiona mwenyewe dirishani pa stoo ya kiwanda, daftari mbele yake, akigawa makufuli kama haya kwa mafundi wa mashine za kusokota: kufuli moja, ufunguo mmoja, saini moja. Mwaka fulani meneja mzima alikuja na mkasi, mzigo umechelewa, akitaka kukata la fundi aliyekwenda chooni. Yeye ndiye aliyemzuia. Alimwambia mbele ya watu, "Hujui mkono wake uko wapi." Meneja alinuna mwezi mzima, na yeye hakujali.

Midomo ya mkasi ilikuwa bado kwenye chuma.

"Anaweza kuwa amekaa tu mahali," alisema.

"Anaweza."

"Anaweza kuwa juu."

"Anaweza, mama."

Aliushusha. Alirudi nyumbani, wakakaa yeye na Bi Mwanabaraka mbele ya kioo, wakabadilisha chupa za maji, wakafunga, wakafungua. Saa saba mayai manane yalikuwa na nyufa, na ukiinama ulisikia sauti za vifaranga ndani, nyembamba. Saa nane zilipungua. Saa tisa Bi Mwanabaraka alisema, "Mbona kimya?" Mama Loveness akasema wamepumzika. Hakuwa na mazoea ya kusema uongo na ulionekana.

Umeme ulirudi saa kumi kasorobo. Feni iliunguruma, taa ikawaka, namba zikaanza kupanda taratibu. Muda si mrefu geti la Mama Loveness likagongwa. Alikuwa Talha, na nyuma yake mwanamume wa makamo mwenye macho mekundu, ufunguo mdogo bado mkononi.

"Shikamoo, bi mkubwa. Mama, habari. Mie ndiye Brightson. Nimeambiwa nije niombe radhi."

Alieleza yote bila kujitetea sana. Alimaliza matawi saa nne. Alitaka kupiga simu kituoni kusema ameshuka, chaji imekwisha. Pugu nzima haina umeme. Akadandia bodaboda mpaka Gongo la Mboto kwa kinyozi mmoja anayechajisha simu, akakaa kwenye benchi kungoja. Alikuwa kazini tangu juzi. Usingizi ukampitia.

"Mngekata tu, mama," alisema. "Mie nilikuwa nimeshashuka zamani."

"Nilijuaje?"

Brightson aliutia ufunguo mfukoni.

"Nakuuliza. Nilijuaje?"

Talha alimshika bega wakaondoka.

Kwenye trei, yai moja lilikuwa bado linagonga. Bi Mwanabaraka alipeleka kidole kwenye ufa, ambako mdomo mdogo ulionekana umenaswa kwenye ngozi iliyokauka kama karatasi. Mama Loveness alimshika mkono.

"Usimvute, bibi. Atavuja damu."

"Anahangaika."

"Naona."

"Sasa tufanye nini?"

"Hatufanyi kitu."

Alinyunyiza maji ya vuguvugu, akafunga mlango. Asubuhi iliyofuata kifaranga kilikuwa nje, kimelala ubavu, mguu mmoja umekunjamana. Mayai mengine ya trei ile aliyamulika kwa tochi moja moja mbele ya bibi. Hakuna lililocheza.

Bi Mwanabaraka alimpakata yule mmoja kwenye ncha ya kanga. "Jike au dume?"

"Haijulikani mpaka wiki ya nane."

"Na hata akiwa jike, ataolewa na nani?" Bibi alicheka, kisha akawa hacheki, akajifuta kwa kanga ile ile.

Mama Loveness aliitoa trei ya mayai baridi kwenye mashine.

Nje mtu alipiga hodi. Alikuwa Vaileth wa nyumba ya tatu, na ndoo ya mayai kichwani.

"Mama Loveness! Umeme upo?"

Alitazama taa ya mashine. Nyuma ya ukuta makontena yalikuwa yanaunguruma kama kawaida.

"Sasa hivi upo," alisema. "Hayo rudi nayo. Kalalishe kuku."