Sema Hatukuomba

Nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha mabango, mwaka wa kumi na moja sasa. Harusi, misiba, mahafali, maduka mapya, yote yamepita mikononi mwangu. Nikikwambia bango gani litawasimamisha watu barabarani, niamini. Maneno hayamsimamishi mtu. Picha ndiyo inayomsimamisha.

Kwa hiyo binti yangu aliporudi kutoka shuleni akasema klabu yao ya huduma inataka kuchangisha ili waezeke upya nyumba moja kabla ya mvua, nilimwuliza swali moja tu: picha mnayo?

"Hata nyumba yenyewe hatujachagua, mama. Mwalimu mlezi amesema tukatafute."

"Mtaa mzima huu mmekosa nyumba inayovuja?"

Aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa kina Sindano kunavuja vibaya. Mvua ikinyesha usiku wanalala wamekaa. "Lakini hajamwambia mtu mwingine, mama. Usije ukasema."

Sindano ni rafiki yake wa darasani. Mwembamba, mama yake fundi cherehani, jina likatoka hapo. Ndiye katibu wa klabu hiyohiyo. Siku waliyokwenda kusafisha zahanati, wenzake walipiga picha na mafagio, yeye alifagia.

"Sitasema," nilimjibu. Na kweli sikusema. Nilikwenda.

Nilikwenda Jumanne mchana, nikijua mtoto yuko shuleni. Mama yake nilimkuta ameinamia cherehani mlangoni, pini nne mdomoni. Nilijitambulisha, nikamweleza yote kwa dakika tano: klabu, mabati mapya, picha isiyoonyesha sura ya mtu.

Alizitoa pini moja moja. "Picha ya ndani, dada?"

"Ya ndani ndiyo inayoonyesha. Kwa nje nyumba yako inadanganya."

Alicheka kidogo. "Haya, piga basi, kama unaona inafaa."

Nikaichukulia hiyo kuwa ruhusa. Mwanamke paa lake linavuja, mbele yake amesimama mtu wa ofisini anayezungumza habari za mabati. Ulitaka ajibu nini? Lakini hilo nimelifikiria baadaye.

Nilipiga kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, mabeseni matatu sakafuni, matundu ya bati yanayoingiza mwanga, na pazia la viraka linalogawa chumba. Nilikuwa mwangalifu, au ndivyo nilivyojisifu. Niliishusha sare ya shule kutoka kwenye msumari. Niligeuza picha ya familia ikatazama ukuta. Kazini nikaipanga vizuri, juu nikaandika kwa herufi nyekundu: WANALALA WAMEKAA. TUWASAIDIE. Nilichapisha manne, bure. Mwalimu mlezi alifurahi, akasema laiti wazazi wote wangekuwa kama mimi. Binti yangu aliponiuliza ni nyumba ya nani, nilimjibu, "Utaona." Jumapili jioni mimi na mwalimu mlezi tukayatundika mabango, moja likiwa mkabala na geti la shule.

Jumatatu, kabla ya mapumziko, shule nzima ilikuwa inajua.

Ni lile pazia. Sindano ana begi la shule aliloshonewa na mama yake kwa vipande vilevile: chekundu chenye madoa meupe, kijani, cha maua ya njano. Darasa zima lilikuwa linalitamani begi hilo, na wawili walikuwa wameshaagiza la kwao. Mimi niliondoa kila kitu nikaacha pazia.

Wakasema katibu amejiandika mwenyewe kwenye orodha ya misaada. Mmoja akatoa beseni kwenye stoo ya usafi, akaliweka juu ya dawati la Sindano. "La leo usiku, mheshimiwa katibu." Sindano alichukua daftari zake, begi akaliacha palepale, akatoka getini.

"Nilikwambia usiseme," binti yangu aliniambia jioni. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali alie.

"Sikusema."

"Ulichapisha, mama."

Niliazima ngazi kazini, nikayashusha mabango yote manne mwenyewe, watu wakipita na kuuliza kama mchango umeshatimia. Nilisema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Jumanne Sindano hakuja shuleni. Jumatano hakuja. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujisajili kwa mtihani wa kumaliza shule, na asiyetia saini kwa mkono wake husubiri mwaka mzima. Alhamisi nikaenda kwao, nimebeba lile begi ambalo binti yangu alikuwa amelileta kutoka darasani.

Mama yake alinipa kiti. Kipo kimoja tu pale, ndicho anachokalia akishona. Alibaki amesimama. Laiti angenitukana.

"Nimekuja kuomba radhi," nilisema. "Na nimepanga hivi. Nitachapisha bango jipya, la picha nyingine kabisa. Nitaongea na mwalimu mkuu. Na saini, nitaomba ofisini waje..."

"Mama." Sauti ya Sindano ilitoka nyuma ya pazia. Hakutoka yeye. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Usipange tena."

Mama yake akamkemea, akamwambia hivyo sivyo mtoto anavyoongea na mtu mzima. Nikasema mwache.

"Wanasema niliomba," Sindano akaendelea. "Wanasema nilikaa kwenye kikao nikaandika jina letu. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao, mama. Kwetu hakukutajwa. Nenda kawaambie. Mbele ya wote, siyo kwa mwalimu mkuu. Sema hatukuomba."

"Nitasema. Na kesho utakuja kutia saini?"

Mama yake alinisindikiza hadi njiani, akaniuliza, huku akitazama pembeni, kama mabati bado yatakuja. Mvua haijali nani kaaibika. Nilimwambia yatakuja. Aliinamisha kichwa, akanishukuru. Shukrani ile bado inaniwasha.

Ijumaa asubuhi mwalimu mlezi alinipa kipaza sauti gwaride likiwa limejipanga. Nimezoea kuongea na wateja. Nilidhani sauti itakuwepo. Ilitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba maji. Nilisema mimi ndiye niliyepiga ile picha. Nilisema nyumba ile niliichagua mimi, niliingia wakati mwenzenu hayupo, na yeye hakuombwa ruhusa. "Hawakuomba kitu. Si yeye, si mama yake. Ni kimbelembele changu."

Wengine walicheka, mwalimu akawatolea macho. Ndipo nikamwona Sindano, nje ya geti, amesimama karibu na kibanda cha mlinzi, haingii wala haondoki.

Kutoka mstari wa nyuma mvulana akauliza, "Sasa wewe mama ulijuaje kama kwao kunavuja?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilifungua mdomo nikitafuta uongo wa haraka, kwamba nilipita tu, kwamba nilisikia dukani, na nikajua wowote nitakaousema Sindano atausikia.

"Mimi ndiye niliyemwambia."

Alikuwa binti yangu, mstari wa tatu, mkono juu kama anayejibu hesabu. "Aliniambia mimi peke yangu, nikamwambia mama."

Hakuna aliyecheka. Nilikishika mkononi kipaza sauti kile, nikakosa pa kukiweka. Sindano akapita getini. Alikatisha uwanja mzima mbele ya watu wote, akampita rafiki yake bila kumtazama, akampita na mama wa rafiki yake, akaingia ofisini kutia saini.

Binti yangu alikuwa bado hajashusha mkono.